King'ora wa Jukwaa la Pili

Katika faili la malalamiko la stesheni kuna barua moja ambayo mkuu wa stesheni hajaijibu mpaka leo. Iliandikwa na abiria kumi na wanane, wote wakatia sahihi, na dai lao ni fupi: walikosa treni ya saa tisa na dakika arobaini alasiri kwa sababu mtoto hakulia.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi minne wakati huo. Mama yake ndiye mtangazaji wa stesheni, kazi aliyoipata kwa bahati. Alikuwa mkata tiketi. Siku moja mtangazaji wa zamani aliamka na mafua, sauti imekauka, na mtu pekee aliyekuwa karibu na chumba cha matangazo alikuwa yeye, na chai yake mkononi. Akaishika maikrofoni na hajairudisha. Sauti yake ni nzito kidogo, safi, haina papara. Wapagazi wanasema akitangaza kwamba treni imechelewa saa tatu, abiria hutamani kumshukuru.

Mtoto alizaliwa mzima, kilo tatu na robo, na kwa wiki mbili alikuwa analala kama mtu aliyelipwa alale. Wiki ya tatu akaanza. Kila siku, saa tisa alasiri ikigonga, alifumba macho, akakunja magoti, akafungua mdomo, na hakuufunga mpaka saa moja jioni. Walimbeba, wakamlaza kifudifudi mapajani, wakamwogesha, wakamtembeza. Daktari alimpima kila sehemu inayopimika akasema hana ugonjwa wowote. "Atalia, halafu ataacha," alisema. Mama akauliza ataacha lini. Daktari akasema hilo mtoto mwenyewe ndiye anayelijua.

Likizo ya uzazi ilikatika katikati. Karani aliyekuwa anamshikia nafasi alikuwa amewaelekeza abiria wa treni ya mchana waende jukwaa la tano, katika stesheni yenye majukwaa manne, na watu sitini walikutwa wamesimama kwenye matofali ya ujenzi wakisubiri kwa uvumilivu. Mkuu wa stesheni alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mtangazaji, kofia mkononi.

"Rudi, mama. Njoo na mtoto, njoo na kapu, njoo na bibi yake ukipenda."

"Mtoto analia, mzee."

"Treni nazo zinapiga honi. Hatujawahi kuzifukuza."

Kwa hiyo kapu likawekwa chini ya meza ya matangazo, na kilio kikaingia kwenye maikrofoni. Spika zilikuwa kumi na moja: mbili kila jukwaa, moja ukumbini, moja sokoni, moja juu ya nguzo nje ya nyumba za wafanyakazi. Treni ya saa tisa na dakika arobaini ilipotangazwa, nyuma ya maneno ya mama abiria walisikia mtu anayenyang'anywa kila alichowahi kumiliki. Baada ya wiki tatu hawakuwa na haja ya maneno. Kilio kikianza, watu walibeba mizigo yao wakaenda jukwaa la pili. Wasiojua lugha walikwenda, wazee wenye masikio mazito walikwenda, na inasemekana hata mbuzi mmoja wa abiria alijipeleka mwenyewe. Wapagazi wakambatiza mtoto jina la King'ora. Siku aliyoamua kulala, abiria kumi na wanane walibaki wamekaa kwenye mabenchi, wanatazama saa, wanatazamana, mpaka treni ikaondoka mbele ya macho yao. Ndipo ikaandikwa ile barua.

Mwezi wa tano kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Jina halikukatika. Wala mchezo wa wapagazi haukukatika. Mpagazi mkuu, mwanamume mpana aliyeitwa Kibega kwa sababu bega lake la kulia limeshuka chini ya la kushoto, aliuanzisha siku mtoto alipopita amebebwa: akaweka sanduku chini, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akapepesuka hatua nne, akaegemea ukuta. Mtoto akacheka hadi akapaliwa. Kuanzia hapo, kila King'ora alipotokea, wapagazi kumi na wawili waliziba masikio na kupepesuka. Walifanya hivyo kwa miaka sita. Hakuna mtoto aliyependwa zaidi kwenye stesheni yoyote ya reli.

Alipotimiza miaka mitatu alikuwa na maneno mengi, na mengi kati ya hayo aliyatamka chini ya meza ya matangazo. Swichi ya maikrofoni ilikuwa na tabia ya kuganda. Ukiizima, taa nyekundu inazimika, lakini sauti inaendelea kwenda kwa nusu dakika nyingine. Alasiri moja mtangazaji alimaliza kutangaza treni ya mizigo, akazima, akainuka haraka, na kutoka spika zote kumi na moja sauti nyembamba ikawaarifu abiria wa majukwaa manne, wateja wa sokoni na familia zote za wafanyakazi: "Mama anakwenda kukojoa. Amebanwa tangu asubuhi."

Stesheni ilipasuka. Watu walishikana mabega. Kibega alikaa juu ya mzigo wa mayai wa mtu. Dereva wa treni ya mizigo alichungulia dirishani akapunga mkono. Mtangazaji alitoka chooni akapokewa kwa makofi, akacheka na wenzake, maana angefanyaje, lakini uso ulikuwa unawaka moto. Akarudi chumbani, akachuchumaa mbele ya binti yake, akamshika mashavu.

"Kila unachosema watu wote wanasikia. Umeelewa? Wote."

Mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

Miaka mitatu iliyofuata, yeyote aliyeuliza habari za King'ora aliambiwa kwamba ametulia kama maji mtungini. Alitii, alikula, alichora. Akiitwa aliitika kwa kichwa. Akitaka kitu alimvuta mtu nguo, au alimnong'oneza mama yake akiwa amejifunika shuka gubigubi. Mama alijivunia. Baada ya miezi ile mitano, alikuwa anaona kimya kama zawadi iliyochelewa kufika. Baba yake, fundi umeme wa karakana ya reli, naye ni mtu wa maneno machache, na alidhani hatimaye amepata mwenzake nyumbani.

Aliyekuwa na maoni tofauti ni mama mdogo, anayekaa ng'ambo ya mji, ambako King'ora alipelekwa Jumamosi mara moja kwa mwezi.

"Dada, huyu mtoto wako anapiga domo jamani. Nimemeza vidonge vya kichwa viwili."

"Haya, nicheke basi."

"Sichekeshi. Ameniuliza kwa nini mume wangu ana nywele puani, mbele ya mume wangu."

Mtangazaji alicheka kwa adabu. Alimjua mdogo wake. Akiona mtu ana wasiwasi, hutia chumvi ili kumchangamsha.

Wasiwasi ulikuwepo kwa sababu ya shule. Mwishoni mwa muhula wa pili mwalimu wa darasa la kwanza alimwita. Alikuwa mwanamke kijana mwenye chaki kwenye nyusi, na alianza kwa upole.

"Mama, mtoto wako anajua kusoma?"

"Anasoma vizuri sana."

"Umemsikia?"

Mtangazaji alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba amemwona. Amemwona akipitisha kidole chini ya mistari, amemwona akifunua kurasa, amemwona akicheka palipochekesha. Kumsikia hakuwahi.

"Kwangu hajasema neno tangu Januari," mwalimu alisema. "Anaandika, anajibu hesabu zote, na wakati wa mapumziko anacheza na wenzake kwa ishara mpaka nao wameanza kunyamaza. Mwalimu mkuu anasema mwisho wa mwaka kila mtoto lazima asome ukurasa mmoja kwa sauti. Asiposoma, atapendekeza ahamishiwe shule ya bweni ya watoto wasiosema. Iko mbali kidogo. Safari ya siku nzima kwa treni."

Zilikuwa zimebaki wiki tisa. Mtangazaji aliyajua matangazo ya treni ile kwa moyo, na stesheni zake zote, na hakuwahi kufikiri kwamba yeye atasimama upande wa pili wa spika akisikiliza jina la mji ule.

Wiki hiyohiyo, akikunja nguo, alimsikia daktari redioni akisema kwamba watafiti wamewafuatilia watoto waliolia kupita kiasi walipokuwa wachanga, na baadhi yao walionekana baadaye kuwa na matatizo zaidi ya tabia na hisia. Akazima redio. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kuwasihi watu wasubiri mwisho wa tangazo kabla ya kuondoka, na tangazo hili alilikata katikati.

Akalala nalo siku nne. Ya tano akamfunga mtoto viatu wakaenda kliniki kwa mshauri wa watoto.

Mshauri alikuwa binti mdogo kuliko alivyotarajia, na aliandika kwa kalamu ya risasi. King'ora alikaa kwenye kiti cha pembeni na karatasi ya kuchorea. Mtangazaji alieleza yote kwa mpangilio, kama ratiba: saa, wiki, miezi, kapu, spika, barua ya abiria. Kisha akasita.

"Na siku moja nilimwacha."

"Ulimwacha wapi?"

"Kwenye chumba cha tiketi, ndani ya kapu, mlango nimeufunga. Nikatembea mpaka mwisho wa jukwaa la nne nikasimama pale. Dakika saba. Niliona kama nikibaki nitapiga kelele kuliko yeye. Sijamwambia hata mume wangu. Nadhani ni pale ndipo nilipomvunja."

Mshauri aliweka kalamu chini.

"Ulimweka mahali salama, ukaenda kupumua, ukarudi?"

"Ndiyo."

"Ndivyo tunavyowafundisha akina mama wafanye. Wewe ulijifundisha mwenyewe."

Mtangazaji alitafuta kitambaa. Mshauri akamsimulia nusu ya tangazo aliyoikata: kwamba wengi wa watoto wanaolia sana miezi ya kwanza hukua vizuri kabisa; kwamba wanaoangaliwa kwa karibu zaidi ni wale ambao kilio kinaendelea baada ya hapo, pamoja na shida za kulala na kula; na hata hao, hakuna aliyeandikiwa lolote. "Wa kwako aliacha mwezi wa tano. Kilio chake kimeshaisha, mama. Aliyebaki nacho ni wewe. Sasa niambie: huyu mtoto anasema wapi?"

"Hasemi popote, ila kunong'ona chini ya shuka. Mama yake mdogo anasema kwake anaongea, lakini yule hutia chumvi."

Ukumbini, spika ya kliniki ikaita: namba ishirini na tatu, chumba cha pili. King'ora akainua kichwa akaitazama, kisha akabana midomo mpaka ikapotea. Mshauri aliona. Akasubiri. Namba ishirini na nne ilipoitwa, mtoto akafanya vilevile.

"Twende nje, tukaone shuka zinavyoanikwa," mshauri alimwambia.

Mtangazaji aliwatazama kupitia dirisha. Nyuma ya kliniki kulikuwa na uwanja wa kamba za nguo na hakuna kingine. King'ora alizunguka uwanja wote. Alikagua nguzo moja moja, akachungulia nyuma ya tangi, akatazama juu, akatazama chini ya ndoo. Kisha akasimama mbele ya mshauri, na mdomo wake ukafunguka, na haukufungwa kwa dakika ishirini. Mikono ilikwenda huku na huku. Aliigiza mtu mnene. Aliigiza treni. Mshauri alianza kwa kutikisa kichwa kitaalamu, akaishia ameshika kamba ya nguo ili asianguke.

Aliporudi ndani alikuwa anafuta machozi.

"Kwanza, mama mdogo wake hatii chumvi. Pili, anasema unakoroma. Tatu, kuna spika nje ya dirisha lenu la jikoni?"

"Ipo. Juu ya nguzo."

"Sauti yako inaingia jikoni kutoka stesheni. Basi yeye amefikiri, na mimi sioni kosa katika hesabu yake, kwamba za jikoni nazo zinakwenda stesheni. Na darasani kuna spika, ya mwalimu mkuu. Na hapa ipo. Kwa mama mdogo hakuna. Anasema wewe mwenyewe ulimwambia: kila unachosema watu wote wanasikia."

Mtangazaji aligeuka akaitazama spika ya ukumbini. Halafu kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, akajaribu kukizuia kwa kitambaa, kikatokea puani. Miaka mitatu mtoto alikuwa akiishi hewani moja kwa moja, na alikuwa anajiheshimu.

"Nitamwambia leo," alisema.

"Mwambie. Lakini hataamini. Wewe ndiwe uliyemwambia la kwanza."

Kwa wiki nne hakuamini. Alimsikiliza mama yake akamwelekeza kidole dirishani, maana yake: unaongea mbele ya spika ile. Baba alichora nyaya kwenye karatasi, akaweka mishale inayokwenda upande mmoja tu. King'ora aliitazama ile michoro akaongeza mshale wa kurudi.

Hapo ndipo wapagazi walipotaka kusaidia. Kibega aliitisha mkutano kwenye mkokoteni. Mpango ulikuwa mwepesi: Jumamosi, baada ya treni ya adhuhuri, King'ora aseme neno lolote jikoni kwa sauti kubwa, baba yake akiwa shahidi. Wapagazi wote wawe wamesimama jukwaani. Halafu mtoto aje mbio aone nyuso zao. Nyuso zitakuwa tupu. Atajua hawakusikia.

"Nyuso tupu nyie mnazo?" mtangazaji aliuliza.

"Dada, sisi tumebeba mizigo ya wakubwa miaka ishirini," Kibega alisema. "Uso mtupu ndio sare yetu."

Jumamosi ikafika. Jikoni, King'ora alisimama katikati ya sakafu, akatazama dirisha, akamtazama baba yake. Ilimchukua robo saa. Mwishowe akavuta pumzi akasema, kwa sauti ambayo baba yake hakuijua na iliyomfanya ashike meza: "Kibega ana masikio makubwa." Kisha akatoka mbio, hatua mia mbili na zaidi, kupita bomba la maji, kupita stoo ya makaa ya zamani, mpaka jukwaa la pili.

Wapagazi kumi na mmoja walikuwa na nyuso tupu kabisa. Kibega alikuwa amepewa sanduku na abiria, amegeuka nyuma, na alipogeuka mbele akamwona mtoto anakuja. Miaka sita ikafanya kazi yake yenyewe. Sanduku likaanguka, viganja vikapaa, akaziba masikio yake yote mawili, akapepesuka hatua nne.

King'ora akasimama kama aliyegonga ukuta. Alimtazama Kibega, akayatazama yale masikio yaliyofichwa, rangi ikamtoka. Akageuka akarudi nyumbani, hakukimbia.

Siku nane hakusema hata chini ya shuka. Jumamosi iliyofuata alipelekwa kwa mama mdogo, na huko nako akakaa kama picha. Mama mdogo alipiga simu, na safari hii hakuwa na utani. "Dada, hata nywele za puani hazimshughulishi." Kibega naye hakuwa na hali. Alifanya kazi wiki nzima akiwa ameweka mikono mifukoni ili isimwaibishe tena, jambo ambalo kwa mpagazi lina gharama. Mizigo mitatu ilianguka, mmoja wa vyombo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu, na mtangazaji, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alikosea tangazo la treni ya mbali: alifika kwenye jina la mji wa ile shule. Akauruka. Abiria wa huko wakaja kuuliza kama mji wao bado upo.

Ni mshauri aliyesema waache kumthibitishia. "Mwacheni apime mwenyewe. Mtu mwingine aongee jikoni, yeye asimame jukwaani. Na asiwe mtu wa utani. Mna mtu hapo asiyejua utani?"

Wote walimfikiria mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Mkuu wa stesheni alisikiliza maelezo amesimama wima. "Spika ile ni mali ya stesheni," alisema. "Ikituhumiwa, wa kujibu ni mimi." Akauliza aseme nini. Akaambiwa aimbe, ili isikatike. Akasema hajui wimbo wowote. Akaambiwa aimbe anachokijua.

Kwa hiyo Jumatano alasiri, baada ya treni ya saa tisa na dakika arobaini kuondoka, mkuu wa stesheni aliingia jikoni kwa fundi umeme, akavua kofia akaiweka kando ya sufuria, akakohoa, akaanza kuimba ratiba ya treni. Aliiimba kuanzia ya alfajiri, kwa tyuni ya kubuni, ikipanda kwenye saa na kushuka kwenye dakika. Treni za mizigo aliziimba kwa huzuni. Mtangazaji aliegemea mlango akauma kanga yake.

King'ora alimtazama kwa makini. Akatoka. Akakimbia mpaka jukwaani, akasimama chini ya spika, akasikiliza. Hakuna. Akarudi mbio: mzee yuko kwenye treni ya saa tano, mishipa imemsimama shingoni. Akakimbia tena jukwaani. Hakuna kitu, isipokuwa wapagazi waliokuwa wamekaa juu ya mikono yao. Akarudi. Mzee amefika adhuhuri. Akaenda, akarudi, akaenda, vumbi linatimka, soksi moja imeshuka. Safari ya sita hakufika jukwaani. Alisimama njiani, karibu na bomba la maji, kichwa kimeinama upande. Akapiga hatua moja mbele. Akarudisha moja nyuma. Nusu hatua. Akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu.

Mama yake alikuwa amemfuata taratibu. King'ora akamvuta nguo, kisha akaiachia.

"Inaishia hapa," alisema.

Alisema nje, chini ya anga, hatua thelathini kutoka kwenye nguzo. Mtangazaji aliogopa hata kupumua.

"Nini inaishia?"

"Sauti ya mzee. Hapa ipo, hapa haipo. Haipandi kwenye spika. Inatembea tu, halafu inachoka." Akafikiri. "Nenda wewe."

Jioni ile watu walipita jikoni kwa zamu. Baba aliingia akasema moja, mbili, tatu, na sauti ikafia kabla ya bomba; King'ora akachora mstari. Mama mdogo, aliyeitwa kwa simu akaja mbio, alifika nusu ya njia. Kibega aliomba naye apimwe, akaingia jikoni akaomba msamaha wake wote kwa kupaza sauti, mikono mgongoni, na msamaha ukafika mbele kidogo ya mlango wa stoo. Mtangazaji aliwapita wote kwa hatua kumi na nne, na bado hakukaribia jukwaa. Hakuna aliyefika. Mkuu wa stesheni, ambaye hakuwa ameambiwa aache, alikuwa ameketi kizingitini anamalizia treni ya usiku kwa sauti ya chini.

Mwisho aliingia King'ora mwenyewe, akafunga mlango, na mama yake akapewa kazi ya kuchora. Akasikia: "Mama anakoroma. Baba anakula sukari kwa kidole. Mwalimu ana chaki kwenye nyusi na hakuna anayemwambia." Alirudi nyuma hatua kwa hatua, na maneno yakawa yanapungua, na machozi yakamfanya ashindwe kuona ardhi, ila alichora mstari pale pale maneno yalipoishia. Kati ya mistari yote, wake ndio uliokuwa karibu zaidi na nyumba. King'ora alitoka akaukagua akaridhika.

Siku ya kusoma, mtangazaji aliomba ruhusa ya asubuhi, na yule karani wa jukwaa la tano akapewa maikrofoni pamoja na karatasi yenye namba moja mpaka nne. Wazazi hawakuruhusiwa darasani. Alikaa kwenye benchi la varanda, mita tatu kutoka mlango uliofungwa. Aliingia mtoto wa kwanza, akasikika mpaka barabarani. Wa pili akasikika. Wa tatu alikuwa King'ora.

Kupitia dirisha la juu aliona kichwa cha binti yake kinakwenda mpaka chini ya spika ya mwalimu mkuu, kinainuka, kinaitazama, kinarudi mbele. Kisha hakusikia kitu. Alijiegemeza. Akakaza masikio mpaka yakauma. Mwanamke anayesikika katika majukwaa manne, ukumbini na sokoni, alikaa pale dakika nne nzima hajui kama kinachotoka nyuma ya mlango ule ni maneno au hewa.

Mlango ulipofunguka alitoka mwalimu, nyusi safi.

"Amesoma."

"Kwa sauti?"

"Ya kutosha. Mwalimu mkuu alisogeza kiti, lakini alisikia, na ameandika. Anabaki na sisi." Akapunguza sauti. "Halafu ameniambia jambo kuhusu chaki."

King'ora alitoka na mkoba mgongoni. Mama yake alikuwa na hotuba nzima, ameiandaa tangu alfajiri, na ikampotea yote.

"Imefika wapi?" aliuliza.

"Dawati la tatu."

Mtangazaji akalitafakari. Dawati la tatu, kwa mtu aliyetoka chini ya shuka, ni safari ya mbali.

Wakaondoka. Kutoka getini King'ora alianza kueleza kwamba hadithi ile haikuwa nzuri, kwamba sungura hawezi kumiliki duka kwa sababu atafikaje kaunta, kwamba aliyeichora hajawahi kumwona sungura, na kwamba mtoto wa pili aliruka mstari na hakuna aliyegundua isipokuwa yeye. Alieleza mpaka dukani, akaeleza mpaka kwenye kona, akaeleza mpaka kwenye kivuko cha reli, ambako kizuizi kilikuwa kimeshushwa na treni ya mizigo inapita. Mabehewa arobaini. Ardhi ilitetemeka, chuma kikalia, mtangazaji hakusikia hata neno moja. Alimtazama binti yake akitikisa vidole, akikunja uso, akiigiza sungura anayenyoosha shingo, mdomo unakwenda bila kituo. Mtangazaji mwenyewe alikuwa anacheka kwa nguvu, na hakukisikia kicheko chake. Behewa la mwisho lilipopita, King'ora alikuwa katikati ya sentensi, na mama yake hakumwomba aanze upya.